Maboksi Matatu ya Profesa

Maboksi yalishuka kutoka kwenye basi la Dar es Salaam wakati wa magharibi, taa za malori zikiwa zimeanza kuwaka kandokando ya barabara ya Tunduma. Yalikuwa matatu, yale ya sabuni za miche, yamekazwa kwa kamba ya manila. Kijana wa mizigo aliniuliza kama ndani mna vyuma. Nikamwambia ni karatasi za mwalimu wangu, marehemu. Akaacha kuyaburuta, akayabeba moja moja begani hadi kwenye bajaji.

Siku mbili kabla ya hapo mjane wa mwalimu alikuwa amenipigia simu. "Mwanangu," alisema, "mzee wako aliacha karatasi nyingi kule ofisini. Chumba kilipohitajika zikatolewa nje, na mimi nilipopata habari na kufika nilikuta zimebaki hizi. Hapa nyumbani mchwa wameshazinusa. Faili moja limeandikwa Tunduma, nikajua mwenyewe ni wewe." Nilimwambia, "Asante mama, zilete." Sikuwa na kabati wala nafasi, lakini sikuona jibu jingine ambalo mwanafunzi angeweza kumpa mama yule.

Jina la mwalimu naiachia familia yake. Sisi tulimwita Profesa, hata kabla hajapewa cheo hicho. Alifundisha uigaji kwa kompyuta, somo ambalo chuoni wengi walizoea kuliita simulesheni, na kwa wiki sita za mwanzo hatukuigusa kompyuta hata moja. Aliingia darasani na mfuko wa maharage, dadu mbili na karatasi zilizojaa namba. Maharage yalikuwa wateja. Dadu ilisema mteja afike baada ya dakika ngapi. Sisi tulichora jedwali daftarini: amefika saa ngapi, ameanza kuhudumiwa saa ngapi, ameondoka saa ngapi, amesubiri kiasi gani. Hadi kipindi kinaisha tulikuwa tumeishi siku nzima ya benki moja ya kubuni, na mikono imetuuma kwa kuandika.

"Kuiga," alitueleza, "ni kukijenga kwa hesabu kitu ambacho huwezi kukijaribu kwa mikono. Geti la mpaka huwezi kulijenga mara tatu ili uone lipi linapitisha watu vizuri. Basi lijenge mara mia kwenye karatasi, ukosee huko."

Niliyafungua maboksi usiku uleule, juu ya mkeka, na cha kwanza kukutana nacho kilikuwa zile karatasi za namba. Zilikuwa nakala kutoka kitabu maarufu ambacho shirika la RAND la Marekani lilikichapisha mwaka 1955: tarakimu milioni moja za nasibu, zisizo na mpangilio wowote, kitabu kizima. Mtu asiyejua angezitupa kwanza. Kwetu zilikuwa dadu isiyochoka. Pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na alama ya kidole, palepale ambapo kila mwaka Profesa alianza kusoma kwa sauti, na sisi tukiandika.

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani maharage yalikuwa mbinu yake ya kutuchangamsha. Maboksi yamenifundisha kwamba yalitokana na historia ya nchi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na matatizo yaliyoikumba kazi ile yakachangia uamuzi wa mwaka 1974 wa kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Profesa alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa amebeba elimu ya mashine ambazo hapa nyumbani zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Katika daftari lake la miaka ile ameandika kwa wino wa bluu: "Mashine hakuna. Wazo lipo. Nifundishe wazo."

Na wazo alilifuata hadi kwenye mizizi yake. Daftari la mihadhara linaanza na A. K. Erlang, Mdenmaki aliyehesabu msongamano wa simu kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, na kuchapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hilo mwaka 1909. Linapita kwa K. D. Tocher, Mwingereza aliyeiga shughuli za viwanda vya chuma kule Sheffield na kuandika kitabu cha somo hili mwaka 1963. Linamtaja Geoffrey Gordon wa IBM, aliyetengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960 lugha ya GPSS, ambamo wateja huitwa miamala na hupita kituo hadi kituo kama abiria. Linaishia Oslo, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliobuni lugha ya Simula kwa ajili ya uigaji. Lugha nyingi za programu zinazoendesha simu zetu leo zimerithi kutoka kwao. Mbele ya jina la Nygaard Profesa ameandika: "Alitaka kuiga foleni, akazaa lugha za dunia."

Foleni ndiyo iliyonipeleka kwake. Nimezaliwa Tunduma. Mama yangu aliuza wali na maharage kwa madereva, kibanda cha mabati mita chache kutoka barabarani. Barabara ile inatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, inapenya hapa hadi Nakonde upande wa Zambia, kisha inaendelea Lusaka na migodi ya shaba hadi Kongo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, nayo inavukia hapahapa. Mtoto wa Tunduma anajua foleni kabla hajajua kusoma. Anajua utingo akitandika godoro chini ya tela maana yake ni siku mbili, na dereva akianza kufua nguo maana yake ni zaidi.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuandika mradi wa mwisho, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilimwambia Profesa nitaiga foleni ya Tunduma. Alifurahi. Akanipa hesabu moja ambayo nimeikuta tena kwenye faili, kwa mwandiko wake, na ninaileta hapa kwa sababu kila mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni anapaswa kuijua.

Chukua karani mmoja. Malori yanafika kwa nasibu, kwa wastani moja kila dakika 5. Karani naye anamaliza lori moja kwa wastani wa dakika 4. Hapo wanaosubiri, kwa wastani, ni 3 na kidogo. Sasa karani achelewe sekunde 45 tu kwa kila lori, achukue dakika 4 na sekunde 45. Wanaosubiri wanakuwa 18. Ongeza sekunde 9 nyingine. Wanakuwa 48. Karani hajalala wala hajaacha kazi, na bado anamaliza lori moja chini ya dakika 5. Lakini nafasi ya kupumua imekwisha, na hapo kila sekunde inazaa foleni. Profesa aliandika chini: "Uzembe mdogo ukutanapo na kazi nyingi si mdogo tena."

Pamoja na hiyo kulikuwa na kanuni ambayo John Little wa Marekani aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya waliomo kwenye mfumo ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Tuseme malori 300 kwa siku, kila moja likikaa siku mbili. Hayo ni malori 600 yaliyosimama. Yape kila moja mita 20 na uyapange mstari mmoja, utapata kilomita 12. Ndiyo maana mtu wa Tunduma akitazama mkia wa foleni ulipofika, Chapwa au Mpemba, tayari amesoma muda wa kukaa bila kumuuliza ofisa yeyote.

Niliandika programu yangu kwa FORTRAN. Nilikaa barabarani siku kumi nikihesabu malori, nikaingiza wastani, nikaiendesha. Ikatoa foleni ya malori matano. Nje ya kibanda cha mama kulikuwa na arobaini.

Nilirudi chuoni nikiwa na grafu nzuri na moyo mzito. Profesa alizitazama kurasa zote bila kusema, kisha akauliza, "Kijana, umeyahesabu malori. Umemuuliza nani kwa nini yanakuja?" Nikajibu kwamba nimetumia mtawanyo wa Poisson, kama tulivyofundishwa. "Hilo ni dhanio," akasema. "Umedhani kila lori linakuja kivyake, halimjui mwenzake. Ni kweli? Nenda kamuulize mtu ambaye riziki yake inategemea jibu."

Nilirudi Tunduma likizo, nikakaa jikoni kwa mama. Nilimuuliza anajuaje apike wali kiasi gani, maana sikuwahi kumwona akimwaga chakula, wala sikuwahi kumwona akimrudisha mteja mapema. Akacheka. "Baba, malori hayaji kama mvua. Yanakuja kama harusi." Akanieleza. Meli ikishusha mbolea Dar, siku kadhaa baadaye barabara hii haipitiki, kwa hiyo yeye huwauliza madereva wa kwanza wamebeba nini. Madereva wa tajiri mmoja hutembea pamoja, wanasubiriana Mlowo au Vwawa, wakiingia wanaingia kumi kwa mpigo. Geti likifungwa jioni, wanaolala ni wateja wa asubuhi, hao hunywa chai. Alikuwa na vipimo vyake: kilo sita jioni ya kawaida, kilo kumi akisikia msafara umelala Mlowo, kilo kumi na tano habari ya meli ikishafika.

Niliyabadili madhanio. Niliyafanya malori yaje kwa misafara, nikaweka geti linalofungwa usiku, nikaweka meli. Programu ikatoa foleni ya thelathini na saba. Nilipata alama ya juu, na kwenye ripoti niliandika kwamba taarifa hizo zilitokana na "mahojiano na wadau". Hivyo ndivyo tulivyozoea kuandika. Sikufikiri mara mbili.

Usiku wa maboksi niliyafikiria hayo yote huku nikitoa pini zilizoota kutu. Ndani ya boksi la tatu mlikuwa na diski laini kumi na nne na kitita cha kadi za kutobolewa, kimefungwa kwa mpira uliokwisha kukauka na kukatika. Nilizunguka nazo hadi Mbeya nikitafuta mashine ya kuzisoma. Fundi mmoja alikuwa na kisomeo cha zamani. Diski mbili zilifunguka, nyingine zikatoa mkwaruzo tu. Programu zilizokuwa fahari yetu, tulizozikeshea usiku kwa zamu, zimekufa ndani ya plastiki. Lakini matoleo yaliyochapwa kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni yanasomeka kila mstari, na penseli ya Profesa pembeni inasomeka zaidi.

Hilo lilinifundisha kitu kuhusu kazi hii. Programu ni jibu. Mashine ikibadilika, jibu linapotea, na hasara yake si kubwa kwa sababu linaweza kuandikwa upya. Kisichoandikika upya ni sababu: kwa nini aliamua dakika 4 na si 5, nani alimwambia, aliwahi kudhani nini kabla hajabadili mawazo, wapi alitilia shaka. Mambo hayo hayamo kwenye programu, wala hayamo kwenye makala iliyochapishwa jaridani. Yamo kwenye pembe za karatasi, kwenye barua, kwenye daftari lililochakaa. Robert Sargent wa Chuo Kikuu cha Syracuse, aliyeandika sana juu ya jambo hili, alitenganisha maswali mawili: je, programu inafanya nilichoiagiza? Na je, nilichoagiza ndicho kilichopo duniani? Swali la kwanza kompyuta inaweza kukusaidia kulijibu. La pili linajibiwa na watu, na watu wanakufa.

Wenzetu wamelielewa hilo. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, maktaba yake ina hazina maalumu ya historia ya uigaji kwa kompyuta, ambamo karatasi za waasisi wa somo hili zinatunzwa ili mtafiti azikute. Sisi nasi hatukosi pa kuanzia. Nyaraka za Taifa tunazo, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana ambako wengi wetu tumewahi kupata kitu tulichodhani kimepotea. Pengo lipo kabla ya maktaba, pale mlangoni kwa mwalimu aliyestaafu. Siku ile chumba kinapohitajika, hapana budi awepo mtu wa kusema: ngojeni, hizi si takataka.

Na maana ya kuzitunza haiko mbali nasi. Kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, lori likawa linasimama mara moja badala ya mbili. Msomaji wa daftari la Profesa angeweza kukueleza kwa nini kuondoa foleni moja kati ya mbili kunaokoa zaidi ya muda wa stempu. Lakini Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya Uviko-19, na ghafla hakuna wastani wowote wa mwaka uliotangulia uliokuwa na maana. Nilisimama barabarani nikitazama madereva waliokosa maji ya kuoga na mama lishe waliokatazwa kuwakaribia, nikakumbuka ukurasa mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa: "MODELI HAIJUI KITU AMBACHO HUKUIAMBIA." Ni sentensi ambayo kila mpangaji wa mji wa mpakani angeibandika ukutani.

Nilianza kuorodhesha. Niliwauliza watunza nyaraka ninaowafahamu, wakanipa kanuni chache: usitumie gundi ya plastiki, usiweke sakafuni, andika kwa penseli, na zaidi ya yote usibadili mpangilio ulioukuta, kwa maana mpangilio nao unasema. Kanuni hiyo ya mwisho nilitaka kuivunja. Ndani ya faili la Tunduma, katikati ya matoleo ya programu yangu, kulikuwa na karatasi ya daftari yenye orodha ya kilo za mchele. Nilidhani ni hesabu za nyumbani za Profesa, nikanyoosha mkono kuihamishia kwenye lundo la mambo binafsi. Kisha nikakumbuka kanuni, nikaiacha, nikaisoma palepale ilipokaa.

Ilikuwa jedwali. Upande wa kushoto kilo za mchele: 6, 10, 15. Upande wa kulia idadi ya malori niliyoyahesabu mimi kila jioni. Alikuwa amechukua vipimo vya mama nilivyomsimulia kwa mdomo tu, nikidhani ni hadithi ya kupitisha muda, akavilinganisha na takwimu zangu siku kwa siku. Vilikuwa vinakwenda pamoja, isipokuwa jioni mbili. Chini yake, kwa penseli: "Sufuria ya mama huyu ni modeli nzuri kuliko yetu. Imehakikiwa kila usiku, na kosa lake hulipwa kwa mtaji wake mwenyewe. Ndiye aliyerekebisha kazi hii. Mwanafunzi amwandike."

Sikuwahi kuiona karatasi hiyo. Rasimu ile alibaki nayo yeye, na mimi nilishakabidhi nakala safi, nikaondoka. Mama alifariki miaka tisa iliyopita. Aliishi akijua kwamba mwanawe alifaulu hesabu ngumu chuoni; hakujua kwamba hesabu ile ilikuwa yake. Nilikaa juu ya mkeka hadi adhana ya alfajiri, nje malori yakianza kuunguruma kusogea hatua moja.

Familia imekubali karatasi ziende maktaba, pamoja na orodha yake. Wanaohifadhi wanataka kila kitu kiwe na maelezo mafupi: ni nini, cha lini, kimetoka kwa nani. Nimemaliza maboksi mawili, nimebakiza moja. Mstari ninaoupenda kuliko yote uko ukurasa wa nne:

"Boksi la 2, faili la 7, karatasi ya 12. Jedwali la kilo za mchele na idadi ya malori, Tunduma. Mwandiko wa Profesa, penseli. Chanzo cha takwimu: muuza wali wa barabarani, mama mzazi wa mwanafunzi."

Kisha nimeandika jina lake, yote matatu, bila kufupisha.